Mahali pa Kusimama Melini



Tumepata barua kutoka kwa mwalimu mmoja na mkewe, ambao watoto wao wakaao Marekani wamewanunulia nafasi katika meli ya matembezi, yaani mojawapo ya zile meli kubwa zichukuazo watu si kwa kuwa wana mahali pa kufika, bali kwa kuwa wapenda kuzunguka na kutazama. Watapanda Seattle, wataelekea kaskazini mpaka Alaska kuona mito ya barafu, kisha watarudi palepale baada ya siku saba. Wenzetu hawa watuuliza habari za nguo, na kama ugonjwa wa bahari huwapata wazee. Hayo tutayajibu kwa maneno machache mwishoni. Lakini liko jambo ambalo hawakuuliza, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hayo: saa ya kutazama itakapofika, watasimama wapi?

Huenda msomaji akacheka. Meli yenye sitaha zaidi ya kumi, mtu atakosaje mahali pa kusimama? Nasi tulicheka vivyo hivyo, mpaka tulipokosa.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Mdogo wetu akaaye Seattle alitualika sisi pamoja na mama yetu mzazi, aliyekuwa na umri wa miaka 78, mzaliwa wa Machame chini ya Kilimanjaro. Tangu utoto wake mama ameiona Kibo asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Tena ameiona ikipungua weupe mwaka kwa mwaka, maana waliopima wamepata kuwa tangu 1912 hata 2007 barafu ya mlima ule imepotea sehemu 85 katika 100. Lakini barafu yenyewe hajapata kuikaribia. Waliopanda ni wanaume, wakiwachukulia wageni mizigo. Yeye alibaki na migomba na ng'ombe, akisikiliza wakisimulia. Kwa hiyo alipoambiwa ya kuwa iko nchi ambako mto wa barafu hushuka hata baharini, na mtu aweza kuutazama bila kupanda mlima, alisema neno moja tu: "Nipelekeni."

Mahali hapo ni ghuba iitwayo Glacier Bay, nayo ni hifadhi ya taifa ya Marekani. Ni nchi ya asili ya Watlingit wa Huna, ambao barafu iliwafukuza makwao ilipoongezeka katika karne ya 18. Karibu na mwaka 1750 barafu ilikuwa imeijaza ghuba yote hata mdomoni. Kisha ikaanza kurudi nyuma kwa upesi wa ajabu, hata ilipofika mwaka 1916, mtu aingiaye ghubani alikuwa na safari ya maili 65 hivi kabla ya kuufikia ukuta wake. Meli za matembezi zinazoruhusiwa kuingia kwa siku ni mbili tu, na walinzi wa hifadhi hupanda melini wakaeleza habari kwa kipaza sauti. Upeo wa safari ni mbele ya mto wa barafu uitwao Margerie, ambao upana wake ni yapata maili moja, na ukuta wake wainuka kama futi 250 juu ya maji. Meli hukaa hapo muda wa saa moja hivi, ikigeuka polepole ili kila upande upate kuona, halafu yaondoka. Saa moja! Kwa mzee kama mama yetu hapakuwa na saa ya pili.

Siku ile tulifanya kama walivyofanya watu wote. Tulimpandisha mama kwa lifti mpaka sitaha ya juu kabisa, tukakuta watu wamekwisha jaa ukingoni safu tatu na nne, na wengine walikuwapo tangu alfajiri. Mama ni mfupi. Mbele yake palikuwa na migongo ya makoti, na mbele ya makoti palikuwa na kioo cha kuzuia upepo, chenye ukungu wa pumzi za watu. Ghafula tukasikia mshindo kama wa mzinga, na watu wakapiga kelele za furaha. Mama akatushika mkono akauliza, "Kimeanguka nini?" Hatukuweza kumjibu, kwa sababu nasi hatukuona.

Hapo na tumwache mama kidogo, tueleze jinsi meli hizi zilivyo, maana asiyejua jambo hili atahangaika kama sisi.

Wenye meli humwonyesha abiria sitaha ya juu, penye mabwawa ya kuogea na viti na muziki, na abiria hudhani ya kuwa nje ni pale tu. Sivyo. Meli ina nafasi nyingine za nje ambazo hazikujengwa kwa ajili ya kutazama, bali kwa ajili ya kazi. Mabaharia wahitaji nafasi omo kwa nanga na kamba. Helikopta yahitaji mahali pa kumchukulia mgonjwa. Mashua za kuokolea zahitaji sitaha ya kuzipandia. Na zile njia ndefu zipitazo kati ya vyumba vya kulala hazina budi kuishia mahali fulani, mbele na nyuma. Nyingi katika nafasi hizi hazikufungwa kwa abiria; ila hakuna azitangazaye, maana hapauzwi kitu hapo.

Iliyo bora kuliko zote ni ya omo, chini ya chumba cha nahodha cha kuongozea meli. Katika meli nyingi za Carnival, ukiifuata njia ya vyumba mpaka mwisho wake wa mbele kabisa, wakuta mlango mzito usiopendeza macho. Ukiusukuma, watokea kwenye sitaha nyembamba itazamayo mbele. Watu hulala juma zima jirani na mlango ule wakidhani ni wa watumishi. Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, ina mahali pa namna hiyo kwenye sitaha ya 11. Katika Voyager of the Seas, iliyoanza mwaka 1999, kiwanja cha helikopta ki omo kabisa, na abiria huruhusiwa kukiendea hali ya hewa ikiwa njema. Hapo mtu asimama akiwa na meli nzima nyuma yake, wala mbele yake hapana kitu ila bahari. Meli hiyo ina dirisha pia, juu ya chumba cha nahodha, ambapo mtu huchungulia akawaona maofisa kazini. Watoto twaona hulipenda dirisha lile kuliko kiwanja. Nazo meli za Holland America zina desturi ya kuwafungulia abiria sitaha ya omo, ambayo siku nyingine ni ya mabaharia tu, zinapokuwa ndani ya Glacier Bay. Atakayepanda mojawapo ya hizo asilale asubuhi ile, asikilize tangazo.

Sitaha ya mashua za kuokolea hudharauliwa, kwa kuwa mashua zaning'inia juu yake na kuitia kivuli. Lakini iko karibu na maji kuliko zile za juu, na kwa hiyo nyangumi akitokea kando ya meli, wewe uliye chini wamsikia akipumua, na yule wa juu aona doa tu. Katika Queen Mary 2 sitaha hii ni ya 7, nayo yaizunguka meli yote. Ukiizunguka mara tatu umekwenda zaidi ya maili moja. Wazee wenye magoti mabovu waweza kukaa hapo asubuhi nzima pasipo mtu kuwasukuma.

Tena iko shetri. Wengi huisahau kwa sababu haionyeshi kuendako meli, bali itokako. Lakini fikirini habari ya upepo. Meli ikienda kilometa 37 kwa saa, na upepo ukaikabili kwa mwendo uo huo, aliye omo apigwa na upepo wa kilometa 74 kwa saa, naye hawezi hata kuvua kofia amsalimu mtu. Aliye shetri anywa chai yake, akiutazama mkondo wa povu ukinyoka nyuma mpaka machoni mwisho. Watu wa pwani husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi twaona kwamba abiria wengi wa siku hizi hawaendi tezi wala omo. Wamo ngamani tangu kupanda hata kushuka, mezani.

Mtu apataje kuzijua nafasi hizi kabla ya saa ya haja? Achukue ramani ya meli aliyopewa, atazame kila sitaha upande wa mbele na wa nyuma: akiona mahali palipoachwa peupe baada ya vyumba kwisha, huenda hapo pana sitaha ya nje. Meli ifikapo bandarini, ashuke, asimame gatini, aitazame meli yenyewe kutoka nje; mahali penye ukingo lakini hapana roshani za vyumba, apaweke moyoni. Kisha siku ya kwanza, watu wakiwa kwenye chakula, atembee ajaribu milango. Mlango ulioandikwa kuwa ni wa wafanyakazi, aache; huo si wake, na nyuma yake pana kamba na mitambo iwezayo kumvunja mtu mguu. Usioandikwa hivyo, ausukume kwa adabu. Zaidi ya yote aulize, wala asiulize kwenye meza ya kuuzia matembezi. Amwulize atandikaye vitanda.

Twaongeza maonyo mawili. Milango ya omo ni mizito, na upepo huibamiza, tena ina vizingiti virefu: mtoto asiachiwe kuifungua, na mzee ashikwe mkono. La pili, usiku sitaha za omo huwa hazina taa, na pengine hufungwa, kwa kuwa maofisa waongozao meli wahitaji giza mbele yao ili waone. Hata wenye vyumba vitazamavyo mbele huambiwa washushe mapazia. Ikiwa mlango u wazi, basi hapana mahali pazuri zaidi pa kutazama nyota, lakini usiwashe tochi wala simu.

Sasa turudi kwa mama. Tulikuwa tumeshuka naye ili apumzike, maana alitetemeka kwa baridi, wala hakusema neno. Njiani tulikutana na kijana wa Mombasa aliyekuwa akitutengenezea chumba, amebeba taulo mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Mbona mmeshuka mapema? Meli haijaondoka."

"Marahaba, mwanangu. Juu kuna watu. Barafu sikuiona."

Yule kijana alitutazama sisi kana kwamba tumefanya jambo la aibu, nasi kwa kweli tuliona aibu. Akasema, "Njooni huku, baba. Si mbali." Akatangulia katika njia ile ile ya vyumba vyetu, akapita mlango wetu, akaenda kama hatua arobaini mpaka mwisho, akausukuma mlango kwa bega. Siku nne tulikuwa tumelala hatua arobaini na mahali pale.

Nje palikuwa na watu saba. Mama alisogea mpaka ukingoni, akashika chuma, na mbele yake hapakuwa na kitu ila maji na ukuta. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe ina rangi ya buluu." Ndivyo ilivyo. Barafu iliyogandamizwa miaka mingi hubanwa hata mapovu ya hewa yakatoka, nayo huumeza wekundu wa nuru na kuuacha ubuluu. Hayo mtu hayaoni akiitazama Kibo kutoka Machame. Mara kipande chenye ukubwa wa nyumba kikatengana na ukuta bila sauti yoyote, kikashuka, na maji yakaruka. Ndipo mshindo ukatufikia, maana sauti haina mbio za nuru. Kwa hiyo huko juu tuliposikia mzinga ule na kuinua vichwa, tulikuwa tumekwisha chelewa. Atazamaye barafu na aukazie macho ukuta, asingoje kuitwa na sauti.

Mama alimgeukia yule kijana, aliyekuwa bado ameushika mlango kwa mgongo. "Wewe huja kuitazama kila safari?"

"Hapana, mama. Nina miezi mitano humu. Saa hii ndiyo ya vyumba, watu wakiwa nje."

"Basi nipe hizo taulo. Njoo usimame."

Alikataa mara mbili, mara ya tatu akampa. Sisi tukaushika mlango. Alisimama ukingoni kwa muda wa dakika moja, labda mbili, kisha akachukua taulo zake akaenda zake, akikaza mwendo. Meli ilipoanza kuondoka mama alikuwa angali amesimama palepale.

Sasa habari za wenzetu walioandika. Ugonjwa wa bahari wawezekana zaidi siku ya kwanza na ya mwisho, kwa kuwa meli nyingi zitokazo Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, katika bahari wazi. Huko kaskazini kati ya visiwa maji hutulia. Mkiwa bado mwaweza kuchagua chumba, chukueni cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambacho hakiyumbi sana. Nguo zivaliwe moja juu ya nyingine, na ya juu iwe ya kuzuia mvua. Wala msisahau glavu kwa ajili ya mama wa nyumba, kwa maana chuma cha ukingo ni baridi hata mwezi wa Agosti, naye hatataka kukiachia.