VVU si UKIMWI: Maoni Kuhusu Istilahi Iliyoachwa Nyuma na Tiba

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitaja neno UKIMWI kama mfano bora wa uundaji wa istilahi, na kwa kiasi kikubwa wana haki. Makala haya hayakusudii kulibomoa neno hilo. Yanakusudia kuonyesha kwamba neno jingine lililozaliwa ubavuni mwake, yaani VVU, limeifanya lugha yetu ishindwe kutamka jambo ambalo tiba imekwisha kulithibitisha: kwamba mtu anaweza kuwa na virusi maisha yake yote bila kuugua ukimwi.

Tuanze na historia kidogo. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo maradhi hayo hayakuwa na jina la Kiswahili. Wenyeji wa Kagera waliyaita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichoingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda; na huko Uganda yaliitwa Slim, kwa kuwa yaliwakondesha watu. Aldin Mutembei ameeleza kwa kina, hasa katika utafiti wake wa 2001 kuhusu ushairi simulizi wa Wahaya, jinsi sitiari hizo zilivyobadilika kadiri jamii ilivyozidi kuyafahamu maradhi. Mitaani nako watu hawakungoja wanaistilahi: walisema fulani ana ngoma, au amekanyaga miwaya, na herufi za AIDS wakazifumbulia maana yao wenyewe, Acha Iniue Dogodogo Siachi.

Neno UKIMWI lilipokuja, lilishinda kwa sababu za kiisimu. Waliolibuni hawakuchukua herufi za mwanzo tu, bali silabi: U-pungufu wa KI-nga MWI-lini. Neno likatamkika kama neno la kawaida, likaingia katika ngeli ya U bila kubisha hodi, likachukua upatanisho wake: ukimwi umeingia, ukimwi wake. Hapo awali walikuwapo waliosema "ukosefu" badala ya "upungufu". Tofauti hiyo si ndogo. Aliyekosa hana, aliyepungukiwa bado anacho, na kilichopungua chaweza kuongezwa. Ni heri "upungufu" ulishinda, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kwamba dawa zingekuja kuipandisha kinga hiyo.

Lakini katika kufupisha, mambo mawili yaliachwa. Jina la kitaalamu la Kiingereza linasema kwamba upungufu huo mtu huupata baadaye, hazaliwi nao katika maumbile yake. Na linasema kwamba kinachotajwa ni mkusanyiko wa dalili, yaani hatua ya mwisho inayotambulikana kwa magonjwa nyemelezi. Kiswahili kilibakiza upungufu wenyewe peke yake. Halafu kirusi kilipohitaji jina, kikaitwa kwa jina la ugonjwa: Virusi Vya UKIMWI, VVU. Kuanzia hapo, mwenye virusi na mwenye ukimwi walitenganishwa na kiunganishi kimoja tu, "vya", nacho katika mazungumzo ya kila siku hakisikiki.

Tusiwalaumu waliobuni jina hilo. Kabla ya dawa, njia kutoka kuambukizwa hadi kuugua ilikuwa ya miaka kadhaa, na wachache mno walitoka humo salama. Virusi vilikuwa, kwa hakika, virusi vya ukimwi. Pengine msomaji ataongeza kwamba hata vimelea vya malaria vinaitwa kwa jina la ugonjwa, wala hatulalamiki. Ni kweli, lakini kati ya kuingiliwa na vimelea hivyo na homa kuna siku au majuma machache, na hakuna anayejitambulisha kwa miaka thelathini kuwa mtu anayeishi na vimelea vya malaria. Kwa VVU nafasi hiyo kati ya kirusi na ugonjwa ndiyo maisha yenyewe: humo mtu husoma, huoa au huolewa, huzaa, hulea.

Na nafasi hiyo imepanuka mno. Tanzania ilianza kutoa dawa bila malipo mwaka 2004. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa mara moja, bila kusubiri kinga ishuke. Tafiti zilizotolewa kati ya 2011 na 2019 zimethibitisha kwamba mtu ambaye dawa zimefubaza virusi vyake hadi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Sasa jaribu kulisema jambo hilo la mwisho kwa istilahi tulizo nazo: "Mtu mwenye virusi vya ukimwi haambukizi ukimwi." Msikilizaji atadhani umekosea kusema.

Je, hili ni suala la wanaisimu tu? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa. Na kati ya hao, virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 94.3. Tarakimu hizi zastahili kusomwa polepole. Aliyekwisha kuvuka mlango wa kupima, karibu daima hupata dawa, na dawa humfaa. Wanaobaki nje ni wale ambao hawajaufungua mlango huo, watu 17 hivi katika kila 100. Na juu ya mlango, katika usemi wa watu wengi, pameandikwa "kupima ukimwi". Hatudai kwamba usemi ndio sababu pekee. Umbali wa zahanati, hofu ya kuachwa na mwenzi na ubishi wa wanaume vimo. Lakini anayeitwa kwenda kupima ukimwi anaitwa kwenda kusikiliza hukumu. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na huduma nyingi zikatikisika, kumshawishi mtu aje mwenyewe kumekuwa kazi ya haraka zaidi.

Neno "mwathirika" nalo lina kesi ya kujibu. Biashara ikiathirika, hakuna anayeshtuka. Mtu akisema "nimeathirika", bila kuongeza neno, baraza zima hunyamaza. Kitenzi cha kawaida kimefinywa maana hata kimekuwa tafsida ya jambo moja, nayo ni tafsida inayomtangaza mtu kuwa ameharibikiwa. "Dawa za kurefusha maisha" ni vivyo hivyo: hutangaza ufupi wa maisha kabla ya kuahidi urefu wake. Katika msamiati wote huu, tungo moja tunayoiona ya kupendeza ni "kufubaza virusi". Humwelekezea kitendo adui, mgonjwa akaachwa na heshima yake.

Tufanye nini? Wazo la kwanza lililotujia ni kuziacha herufi na kubadili ufafanuzi wake: Virusi Vya Upungufu wa kinga. Lakini halisaidii, maana UKIMWI ni upungufu huo huo; tutakuwa tumezunguka mbuyu na kurudi pale pale. Kubuni jina jipya kabisa baada ya miaka arobaini kutawachanganya watu ambao tunataka kuwafikia. Maoni yetu ni kwamba VVU iachwe iwe jina tupu, lisilofumbuliwa, kama tunavyotamka majina mengi ya vyama bila kukumbuka herufi zake. Na kwamba UKIMWI utengewe ugonjwa uliokwisha kukomaa. Tuseme kupima VVU, kuishi na VVU, kuambukizwa VVU. BAKITA na wahariri wa magazeti wanaweza kuanza kesho bila gharama.

Sehemu ngumu imo madarasani. Kilio Chetu, mchezo wa mwaka 1996, na Orodha ya Steve Reynolds, iliyotoka 2006, vimesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania. Ni kazi zilizofaa: ya kwanza iliwakabili wazazi walioona haya kuzungumza na watoto wao, ya pili iliuumbua unafiki wa kijiji kizima mbele ya kifo cha msichana Furaha. Lakini mtoto aliyezaliwa na virusi mwaka ule dawa zilipoanza kutolewa bure ameketi, au aliketi, katika darasa hilo hilo, vidonge vyake vikiwa bwenini ndani ya sanduku. Mwalimu anapouliza, "Ukimwi umechorwaje katika tamthiliya hii?", mwanafunzi huyo hujibu kwa usahihi kwamba umechorwa kama kifo, na hupewa alama zote. Swali la pili, linalouliza mchoro huo ulikuwa wa kweli katika miaka ipi na umebadilika wapi, halimo katika miongozo ya uhakiki tuliyoisoma. Wanaotunga miongozo hiyo ni sisi.