Usiuze Mbegu Ambayo Hujaiotesha Mwenyewe



Leo nasema na wale tunaouza mbegu za viungo na mitishamba mtandaoni: rozimari, lavenda, pasli, giligilani na wenzake. Biashara imechangamka, hasa rozimari, maana kila dada sasa hivi anataka kuichemshia nywele. Ila kuna tabia inatuharibia soko sote. Mtu ananunua mbegu kwa jumla, anazigawa kwenye vipakiti, anadownload picha ya shamba la zambarau la Provence kule Ufaransa, anaposti "mbegu zinaota haraka, karibuni." Yeye mwenyewe hajawahi kuotesha hata moja.

Msimamo wangu ni huu: mbegu ambayo hujaiotesha, usiiuze. Na rozimari, kama mteja yuko mji mmoja na wewe, usimuuzie mbegu kabisa. Muuzie mche.

Twende na sababu.

Mbegu hazifanani. Mrehani ukimwaga leo, ndani ya wiki moja hivi unaona kijani. Mteja anafurahi, anarudi. Sasa mteja huyohuyo akinunua rozimari anategemea mambo yawe vilevile. Wakati rozimari inaweza kukaa wiki 2 mpaka 4 ndiyo ichomoze, na zinazoota huwa ni chache hata kama mbegu ni nzima. Siku ya 10 mteja ameshamwaga udongo na ameshakuandikia, "Dada, umenipiga." Hujampiga, lakini hukumwambia. Kwake yeye ni kitu kimoja.

Kila mbegu ngumu ina ugumu wake, na wewe muuzaji ndiye unatakiwa uujue:

1. Rozimari. Usiifukie chini sana, nyunyizia udongo kidogo tu juu yake. Inataka joto la kawaida na udongo unaopitisha maji, changanya na mchanga. Maji mengi yanaiozesha kabla haijaota.

2. Lavenda. Hii kwao kuna baridi kali, kwa hiyo mbegu inasubiri ihisi baridi imepita ndipo iamke. Hapa kwetu baridi hiyo tunaitafuta kwenye friji. Ifunge kwenye tishu yenye unyevu, weka kwenye kikopo chenye mfuniko, kaa nayo kwenye friji wiki 3 mpaka 6. Friji ya chini, siyo kule kwenye barafu. Ukiitoa, iweke juu ya udongo bila kuifukia, maana inapenda mwanga. Na mteja wa Dar au Tanga mjini mwambie ukweli, lavenda haipendi joto lenye unyevunyevu. Wa Lushoto, Njombe na Mbeya wana nafasi nzuri zaidi.

3. Pasli. Inachelewa, wiki 2 mpaka 4. Iloweke usiku kucha kwenye maji, asubuhi mwaga yale maji, ndiyo upande. Mbegu zake zinazeeka upesi. Mzigo wa miaka miwili mitatu stoo ni bora uutupe kuliko kuuuza.

4. Giligilani. Kale kaduara unakokaona siyo mbegu moja, ndani mna mbili. Kabonyeze taratibu kwa chupa mpaka kapasuke, siyo kasagike, kisha loweka usiku mmoja. Na ipandwe palepale itakapokulia, haipendi kuhamishwa.

Sasa kuotesha kwanza kabla ya kuuza siyo kazi kubwa. Mzigo ukifika, hesabu mbegu 20. Lowesha tishu, ikamue isidondoke maji, panga mbegu juu yake, funika kwenye kikopo, weka sehemu isiyo na jua kali. Andika tarehe. Lavenda ipitishe kwanza friji. Kila baada ya siku mbili chungulia, tishu isikauke na isiote ukungu. Muda wa mbegu hiyo ukiisha, hesabu zilizotoa kimzizi, zidisha kwa 5. Zikiota 6, una asilimia 30. Hiyo namba ndiyo bidhaa yako halisi. Tishu na kikopo havifiki hata bei ya pakiti moja.

Namba hiyo iandike kwenye pakiti. Chukua mfano unauza mbegu 20 kwa shilingi 3,000 na kipimo chako ni asilimia 30. Mwandikie mteja: "Tarajia miche 4 hadi 6, subiri mpaka siku 30." Akipata 5, umemtimizia. Usipomwandikia, kichwani kwake amenunua miche 20, na akipata 5 anahesabu ameibiwa 15. Pakiti ni ileile, pesa ni ileile, ila mteja mmoja anakusifia na mwingine anakutangaza tapeli.

Najua mtaniambia, "Ukisema ukweli mteja anakimbilia kwa jirani anayesema zinaota zote." Ni kweli, wengine wataondoka. Lakini mteja wa mbegu siyo wa pakiti moja. Akifanikiwa anarudi kununua viriba, udongo, samadi, mbegu nyingine. Huyo wa kwa jirani akinunua mara moja zikagoma, hanunui tena kwa yeyote, hata kwako. Ndiyo maana nasema tunaharibiana soko.

Kuhusu miche ya rozimari: kata tawi changa lisilo na maua, urefu wa sentimita 10 mpaka 15, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, maji kiasi. Wiki 4 mpaka 8 lina mizizi. Mama mmea mmoja aliyeshiba anakupa vipandikizi vingi bila kununua mbegu tena. Na mteja anauona mmea kwa macho, ananusa, analipa. Hakuna kubahatisha.

Kuna hoja moja naikubali: pakiti ya mbegu inasafiri, mche unateseka. Mteja wa Mwanza na wewe uko Morogoro, mbegu inaingia kwenye bahasha. Sawa, huyo muuzie mbegu, ila yenye namba na maelekezo. Au mfungie mche uliokomaa mizizi: gazeti lenye unyevu kwenye mizizi, boksi lenye matundu, basi la usiku. Mpigie konda na mpigie mteja. Kama huwezi, mwelekeze kwa muuzaji mwenzio aliye mji huo. Kesho naye atakurudishia.

La mwisho, biashara ya mbegu Tanzania ina sheria na msimamizi wake ni TOSCI. Kabla hujaanza kuuza, nenda kaulize taratibu za usajili, na mbegu za kuagiza nje usizipitishe kienyeji.

Basi, leo usiku kabla hujaposti mzigo mpya, toa mbegu 20, lowesha tishu, andika tarehe. Zikishaota, njoo hapa utuandikie: unauza mbegu gani na zimeota ngapi kati ya 20? Namba ya kweli, hata kama ni 3.