Tangazo Peke Yake Haliponyi



Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, akina mama hukumbushwa kwa redio, kwa mabango na katika mikutano habari za saratani ya titi, yaani kansa. Desturi hii ilianza Marekani mwaka 1985, na leo imeenea katika nchi nyingi, Uganda yetu ikiwa mojawapo. Hotuba husomwa, utepe wa rangi ya waridi hufungwa vifuani, kisha mwezi hupita. Yatupasa kujiuliza: je, maneno hayo humfikisha mama kwenye kipimo, au humwachia hofu tu?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 670,000 walikufa kwao. Ukigunduliwa ungali mchanga, hutibika vizuri. Ukiachwa mpaka ngozi ya titi itoboke, kazi ya daktari huwa ngumu. Katika Afrika yetu, akina mama wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Mjini Shanghai, nchini China, kuanzia mwaka 1989 wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa bidii namna ya kujichunguza matiti. La pili halikufundishwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa 135 katika kundi la kwanza, na 131 katika la pili. Mafunzo hayo peke yake hayakupunguza vifo. Yaliongeza tu idadi ya wanawake waliopasuliwa kwa ajili ya uvimbe usio na madhara.

Isidhaniwe basi kwamba matangazo ni kazi bure. Katika jimbo la Sarawak, nchini Malaysia, mambo mawili yalikwenda pamoja. Wananchi walielimishwa kwa mabango na vijitabu; na watumishi wa afya wapatao 400, wa hospitali na wa zahanati za vijijini, walifundishwa kuitambua saratani mapema. Mwaka 1994, wagonjwa 60 katika kila 100 wa saratani ya titi walifika wakiwa wamechelewa. Mwaka 1998 walikuwa 35. Mama aliyesikia tangazo alimkuta zahanatini, karibu na kwake, mtu aliyejua la kufanya.

Ninyi askari mwaielewa siri hii kuliko wengine. Tarumbeta ikilia, kikosi hukusanyika uwanjani; lakini asipokuwapo afisa wa kutoa amri, watu watasimama juani, kisha watatawanyika. Kesho ikilia tena, wachache watatoka. Tangazo la afya ni tarumbeta. Zahanati ni uwanja.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu: wagonjwa wasiopungua 60 katika kila 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mama afike mara ya kwanza, na wagonjwa 80 katika kila 100 wamalize matibabu. Malengo haya hayatimizwi na redio peke yake.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mama, ukiona uvimbe mpya katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda ukapimwe juma hilo hilo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini ni daktari atakayekuambia, si jirani. Usingoje mumeo arudi kutoka lindoni.

Baba, usiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake. Nauli ya mkeo iwe tayari hata ukiwa mbali, na ruhusa yako aijue mapema. Tena fahamu kuwa wanaume nao hupatwa, ingawa ni wachache: mmoja hivi, au pungufu, katika kila wagonjwa mia.

Nanyi wakuu wa kambi na wa vituo vya polisi, mkimwalika mtu wa kuhutubia akina mama, mwalikeni pamoja na mkunga au tabibu awezaye kuwapima siku hiyo, mahali pa faragha. Aandike majina ya watakaotakiwa kwenda hospitali, na gari lijulikane. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani iko Mulago, Kampala, tangu mwaka 1967; lakini kwa mama aliye katika kambi ya mbali, njia ya kwenda Mulago huanzia katika zahanati ya kambi yake.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Twawaomba akina mama wasifiche. Nasi, watakapoyafunua, tuwe tayari kuwapokea.