Kuokota na Kuiba

Watu wengi huamini kuwa wizi ni kazi ya mkono. Mwizi, kwa fikira zao, ni yule avunjaye mlango usiku au atiaye vidole mfukoni mwa mwenziwe katika msongamano wa watu. Mtu aliyeona pochi njiani akaitia katika kanzu yake hawamwiti mwizi, naye mwenyewe, akiulizwa, hujibu kwa kinywa kipana, "Nimeokota, sikuiba." Jawabu hili limekuwa ngao ya watu wengi tangu zamani, na katika zama hizi za fedha ziendazo kwa simu limekuwa ngao ya watu wengi zaidi. Nia yangu katika insha hii ni kuitoboa ngao hiyo.

Wazee wa pwani hawakuwa na shaka katika jambo hili. Sheria ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya lukata, yaani mali iliyookotwa. Mwokotaji hufundishwa aujue vema mfuko wa mali ile na kamba iliyoufunga, ili ajapo mtu na kudai aulizwe alama zake. Kisha aitangaze mahali pa makutano muda wa mwaka mzima. Ngamia aliyepotea haguswi kabisa, kwa kuwa ana miguu ya kumfikisha majini, na mwenyewe atampata huko huko. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, humkataza mtu kujificha aonapo ng'ombe wa ndugu yake amepotea; na ikiwa mwenyewe hajulikani, amtunze nyumbani kwake mpaka aje kumtafuta. Katika mafundisho yote mawili aliyeokota ametwishwa mzigo. Ni mtunza amana asiyeajiriwa na mtu, na wala hakuomba kazi hiyo. Ajabu yake ni kwamba katika vinywa vya watu mzigo huo umegeuka kuwa zawadi.

Sheria ya serikali, ijapokuwa ilitoka mbali, haikusema kinyume. Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1930 zilifuata nyayo za kanuni aliyoitunga Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, katika Australia, mwaka 1899. Kwa kanuni hizo mwizi ni mtu achukuaye kitu kwa hila bila ya dai la haki. Na pia ni mtu akigeuzaye kitu kwa hila kikawa cha matumizi ya asiye mwenyewe, hata kama kilimfikia mkononi pasipo kosa lolote. Neno hilo la kugeuza ndilo kiini cha mambo yote. Juu ya mali iliyopotea, kama tuonavyo katika kifungu cha 268 cha kanuni ya Kenya, mwokotaji amefunguliwa mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe ni mwembamba. Hahesabiwi kuwa ametumia hila ikiwa, wakati alipoigeuza mali kuwa yake, hakumjua mwenyewe, na tena aliamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Masharti ni mawili, nayo yameunganishwa. Kutomjua mwenyewe hakutoshi.

Basi mtu aonaye noti ya shilingi elfu katika vumbi la Kariakoo, saa ya soko kujaa, aweza kupita katika mlango huo bila ya kuinama. Nani atamtafuta mwenye noti katika bahari ile ya watu? Lakini aonaye mkoba wenye kitambulisho, picha ya watoto na daftari la majina ya wadeni hana pa kupita. Mkoba wenyewe umemtajia mwenyewe. Akizitoa fedha na kuutupa mkoba mtaroni, yale matupio yake ndiyo yatakayomshuhudia: ametupa jina la mtu kwa kuwa alilisoma.

Waingereza wenyewe, ambao watu hudhani ndio asili ya kila neno la sheria zetu, walisumbuka sana na jambo hili. Mwaka 1849 katika kesi ya Thurborn mtu aliokota noti ya benki njiani, isiyo na jina wala alama. Baadaye aliambiwa ni ya nani, na juu ya hayo akaenda akaibadili na kuzitumia fedha. Majaji walimwachilia, kwa sababu wizi kwa sheria yao ya siku zile ulikuwa katika kuchukua, na wakati wa kuchukua hakumjua mwenyewe. Mwaka 1873 alikuja Middleton, aliyekwenda posta kutoa shilingi 10 katika akiba yake. Karani akatazama barua ya mteja mwingine, akamwekea mezani pauni 8, shilingi 16 na peni 10. Aliona wazi kuwa si zake, akazikusanya akaenda zake. Huyu alihukumiwa kuwa mwizi, ingawa majaji waligawanyika. Kisha mwaka 1956, katika kesi ya Moynes na Cooper, kibarua aliyelipwa mshahara kupita haki yake aliachiliwa, kwa kuwa bahasha ilikuwa imefungwa alipoipokea, na ziada aliiona alipoifungua nyumbani. Ati angeifungua mbele ya karani angekuwa mwizi, lakini kwa kuwa aliifungua nyumbani alikuwa mtu safi! Bunge la Uingereza halikustahimili upuuzi huo. Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ilisema kwamba aliyepata mali kwa kosa la mwingine, naye ana wajibu wa kuirudisha, mali hiyo ihesabiwe kuwa bado ni ya yule aliyekosea. Na akinuia kutoirudisha, nia yake ihesabiwe kuwa ni nia ya kumnyima mwenyewe mali yake.

Nimekaa sana juu ya kesi hizi kwa sababu bahasha ya kibarua yule sasa imo mfukoni mwa kila mtu wa Afrika ya Mashariki. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo tarakimu moja iliyokosewa hupeleka ada ya shule kwa mgeni. Mgeni huyo husikia simu ikilia, akaona fedha asizozitazamia pamoja na jina la mtu asiyemjua. Je, ameokota? Hata kidogo. Fedha hizo hazikupotea. Mwenyewe anazijua zilipo, na kampuni ya simu inawajua wote wawili. Ule mlango mwembamba wa mwokotaji umefungwa tangu simu ilipolia.

Mpokeaji aghalabu anajua hayo. Ndiyo maana hukimbilia kwa wakala. Kampuni huweza kuzizuia fedha maadamu zimo. Zikiisha kutolewa, kazi imekuwa ngumu. Mtu anayedai kuwa amepata bahati yake halali hana sababu ya kuikimbiza wala ya kuzima simu.

Husemwa kwamba mpelekaji alikuwa mzembe, na mzembe ale hasara ya uzembe wake. Hoja hii ni dhaifu kupita zote. Aliyesahau kufunga mlango ni mzembe, na hatujasikia hakimu akimpa mwizi nyumba kwa sababu hiyo. Tena uzembe wenyewe mara nyingi ni wa mama aliyesomewa namba kwa sauti, sokoni, na mtoto mgongoni.

Iko hoja nyingine yenye nguvu, nayo ni ya wanasheria. Husema kuwa kanuni za mwaka 1930 zimetaja kitu kiwezacho kuibwa kuwa ni kitu kihamishikacho kilicho mali ya mtu, na salio la simu si kitu cha kushikwa bali ni deni la kampuni kwa mteja wake. Huongeza kwamba Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1987, katika kesi ya Ilich, ilimwachilia daktari wa mifugo wa Australia ya Magharibi aliyelipwa noti kupita haki yake, ikisema kuwa noti zilikuwa mali yake tangu zilipotiwa mkononi mwake. Sheria ya huko ni ndugu wa kanuni zetu, kwani zote ni watoto wa Griffith. Siidharau hoja hii. Lakini inatuonyesha tundu katika sheria, na tundu huzibwa. Aliyepita katika tundu hilo na karo ya mtoto wa mwenziwe hawi mwenye mali.

Kenya ilijaribu kuliziba mwaka 2018. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao humtia hatiani afichaye au azuiaye kwa makusudi ujumbe, malipo ya kielektroniki au kadi iliyomfikia kwa makosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nia ni njema, lakini fundi alishona kwa haraka. Kifungu hakikutaja hila. Kimetaja kuficha na kuzuia. Nani asiyejua kuwa matapeli hupeleka ujumbe wa kusema fedha zimeingia kwa makosa, tafadhali zirudishwe, hali hapana kilichoingia? Mtu mwenye akili huzuia kwanza, akauliza, akangoja kampuni iseme. Huyo hakustahili hata kivuli cha mashtaka. Kwa upande wa pili, yule aliyezitoa fedha na kuzila amewekwa pamoja na wazuiaji wa barua, na miaka yake miwili ni pungufu ya mitatu ambayo kanuni ya Kenya humpa mwizi wa kawaida. Sheria imemwonea mwoga na kumpunguzia mlaji.

Nataka maneno machache yaongezwe katika Kanuni za Adhabu zenyewe, chini ya jina la wizi, na kwa Kiswahili kinachosomeka: kwamba fedha iliyomfikia mtu kwa kosa la mwingine, kwa mkono au kwa simu, hubaki ya aliyekosea, kwamba aliyeitumia kwa hila baada ya kulijua kosa ni mwizi, na kwamba aliyeiacha ilipo, akangoja kampuni imthibitishe mwenyewe, hana kosa. Kuithibitisha hila hakutamshinda hakimu. Saa fedha zilipoingia imeandikwa, saa mpelekaji alipopiga simu ya kwanza imeandikwa, na saa fedha zilipotolewa kwa wakala imeandikwa vilevile.