Anayeshika Pesa za Mama Naye Afanye Mtihani

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, najua baadhi yenu mkiona neno bima mtafungua ukurasa wa mashairi upesi. Ngojeni kidogo. Jambo hili mnaweza kudhani ni la wazee, lakini karo yangu imo ndani yake.

Nilipokuwa darasa la sita, alifika sokoni Karatina kijana mmoja mtanashati, tai shingoni, viatu vinang'aa ungedhani siku hiyo haikunyesha. Alimkuta Mama kwenye meza yake ya viazi na karoti. Akamwamkua kwa adabu, akamsaidia hata kupanga magunia, kisha akaanza kumweleza habari za bima ya elimu. Mama angelipa shilingi 2,500 kila mwezi kwa miaka kumi, na mimi ningesoma hadi chuo kikuu bila wasiwasi. Mama aliuliza swali moja tu: "Na nikikwama katikati, kijana wangu?" Akajibiwa, "Usiwe na shaka, Mama. Pesa zako ni kama ziko benki. Siku ukizitaka, unazitoa."

Mama alilipa miezi 26 mfululizo. Ilipofika msimu ule viazi vikakosa bei, akaona heri azitoe pesa zake, shilingi 65,000, anunue mbegu na kulipa deni la duka. Tulipanda matatu mimi naye hadi kwenye ofisi ya kampuni. Dada wa mapokezi, mpole kabisa, alitazama kompyuta yake akatuambia kwamba bima ile ikikatizwa kabla ya miaka mitatu kutimia hairudishi kitu. Hata ndururu. Jambo hilo limeandikwa kwenye mkataba, akasema, ukurasa wa saba.

Tuliporudi nyumbani niliutafuta huo ukurasa wa saba. Mama husoma Kiswahili na Gikuyu vizuri kuliko hata mimi, lakini Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Mimi nilikuwa darasa la nane, nikijiona msomi. Nilikuta maneno fulani sikuyaelewa, nikachukua kamusi. Kamusi ikanieleza kwamba neno lile maana yake ni kusalimu amri, kama jeshi lililoshindwa vitani. Basi nikamwambia, "Mama, imeandikwa thamani ya kusalimu amri." Mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Sasa, kabla hamjamwita yule kijana mwizi, nisikilizeni. Alipopigiwa simu alikuja mwenyewe, na viatu siku hiyo vilikuwa na matope. Alisema, "Mama, hata mimi sikujua. Walitufunza namna ya kuuza. Hayo mengine sikuyashika." Mimi nilimwamini, na ndiyo maana ninaandika makala haya. Mwizi tungempeleka kwa polisi, lakini mtu asiyejua kazi yake utampeleka wapi?

Hebu tutazame sheria inasemaje. Nchini Kenya hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa wakala wa bima bila kusajiliwa. Msimamizi ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile iitwayo IRA, iliyoanza kazi 2007 baada ya Sheria ya Bima kurekebishwa 2006. Usajili huo ni wa mwaka mmoja tu. Ikifika tarehe 31 Desemba umekwisha, na wakala lazima aombe upya. Kuna pia kozi fupi ya cheti cha umahiri, na Chuo cha Bima kiko pale Nairobi. Kwa hivyo mtu asiseme ati hatuna sheria. Tunazo, na kwa wahasibu tunazo za miaka mingi zaidi: bodi ya mitihani ya kasneb ilianzishwa 1969, chama chao cha ICPAK kikafuata 1978, na mtu akijiita mhasibu wa CPA bila kuandikishwa anavunja sheria. Hata baada ya kufaulu hawaachwi walale. Hutakiwa kuhudhuria mafunzo mwaka hadi mwaka.

Mgomvi wangu ni pengo lililopo kati ya karatasi ya Nairobi na meza ya viazi Karatina. Mama hakujua kwamba kuna leseni ya kuulizia. Mimi sikujua. Majirani wote sokoni hawakujua. Ajabu ni kwamba Mama huyo huyo hapandi matatu kabla ya kumchungulia kondakta kama ana sare na beji! Hiyo ni kazi ya zile kanuni za marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutumika 2004. Kondakta hushika nauli yako ya shilingi hamsini kwa nusu saa, naye anatakiwa cheti cha tabia njema kutoka polisi. Wakala wa bima anashika pesa za miaka kumi, na hakuna mtu sokoni aliyewahi kuambiwa, "Mwulize leseni yake."

La pili ni lugha, na hapa ndipo Chama chetu kinahusika. Mitihani ya kasneb huandikwa kwa Kiingereza, na mkataba wa Mama ulikuwa kwa Kiingereza kuanzia jalada. Lakini bima ile iliuzwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu, chenye "usiwe na shaka" ndani yake. Maana yake ni kwamba yule kijana alijifunza kazi kwa lugha moja akaenda kuifanya kwa nyingine, na hakuna mtu aliyewahi kumpima katika hiyo ya pili. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kama ni lugha rasmi, mbona wakala asiulizwe kwa Kiswahili, ana kwa ana na mtahini: "Mteja akiacha kulipa mwaka wa pili, utamwambia atapata nini?" Ashindwe hapo, na leseni asipewe. Sisi wenyewe tuna mtihani wa Insha hapa shuleni, na hakuna aliyekufa.

Nilipoyasema haya darasani, mwalimu wetu wa Biashara alinipinga, na lazima nikiri alinikaba vizuri. Alisema mambo mawili. Kwanza, ukiongeza mitihani na ada zake, utawafungia mlango vijana maskini wasio na kazi, na kuuza bima ni mojawapo ya kazi chache zisizohitaji mtaji. Pili, wasomi ndio wezi wakubwa. Akatukumbusha Imperial Bank, iliyofungwa na Benki Kuu Oktoba 2015 baada ya kugunduliwa ulaghai uliokuwa umeendelea ndani yake kwa miaka mingi. Je, mle ndani hapakuwa na watu wenye vyeti? Walikuwepo, tena vya fremu.

Kuhusu hilo la pili nakubaliana naye nusu. Cheti hakimtii mtu uaminifu, sawa na sare isivyomfanya mwanafunzi awe na nidhamu (mnajijua). Lakini leseni ni kamba. Mwenye leseni anaweza kunyang'anywa leseni, na mtu asiye nayo hana cha kunyang'anywa; kesho atahama Karatina aende Nanyuki na tai ile ile. Tena leseni hufungua mlango wa fidia. Mwaka 2008, wakati watu walikuwa mbio kununua hisa za Safaricom kwa shilingi tano tano, dalali wa hisa aliyeitwa Nyaga alikuwa amekwisha anguka mwezi Machi na kuwekwa chini ya usimamizi. Wateja waliumia. Lakini kwa kuwa alikuwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ulikuwepo mfuko wa kuwafidia wawekezaji, kila mmoja hadi shilingi 50,000. Ni kidogo kwa aliyepoteza laki tano, najua. Waliopeleka pesa zao kwenye zile piramidi za 2006 na 2007, ambazo hazikuwa na leseni yoyote, hawakuwa na mfuko wa kukimbilia.

Kuhusu vijana maskini, mwalimu ana haki, na mimi mwenyewe huenda nikawa mmoja wao. Basi mtihani uwe wa bei nafuu, na anayeajiri ndiye alipe. Hapa niwapashe jambo ambalo yule kijana alituambia tukinywa chai: wakala wa bima ya maisha hulipwa kamisheni, na kwa kawaida kamisheni nono ni ya mwaka wa kwanza. Baadaye hupungua. Angalieni maana yake! Mteja akikwama mwaka wa pili, kampuni haitoi kitu, wakala ameshakula chake, na Mama anabaki na kamusi. Ikiwa kampuni ina pesa za kumlipa kijana kwa kuuza, haiwezi kukosa za kumfunza anachouza.

Ninalopendekeza kwa Chama chetu si kubwa. Siku ya wazazi mwaka huu, badala ya ngonjera mbili tuwe na moja, na nafasi ya ile nyingine tuweke meza langoni. Tuwaandikie wazazi kwa Kiswahili maswali manne ya kumwuliza yeyote anayekuja na tai: Leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Pesa naituma kwa namba ya kampuni au kwa simu yako? Nikiacha kulipa mwaka wa pili napata nini? Mkataba huu unaweza kunisomea kwa lugha ninayoijua? Karatasi nitaziandika mimi, mhariri asiseme hana wino.

Mama ameshaanza. Muhula uliopita alikuja sokoni kijana mwingine, wa kampuni nyingine. Mama aliendelea kupima viazi, akamwomba leseni. Akaionyesha. Kisha akamwuliza lile swali la mwaka wa pili. Kijana akafungua mkoba, akapekua, akaufunga, akasema atarudi Jumatano na jibu. Wanawake wa meza za jirani wakacheka, wakajua huyo amekwenda. Jumatano akarudi, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, mwaka kwa mwaka na shilingi zake. Mama hajatia sahihi. Bado anaisoma.