MAONI: Unafuga panya kejani? Nunua mizani kwanza

Siku nilipoona wekundu kwenye pua ya Chapo, nilidhani ni mchuzi wa nyanya. Nikampangusa kwa kitambaa, nikafunga kizimba, nikatoka kwenda kusaka riziki. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa nilimzika nyuma ya ploti, keateka akanicheka hadi akakaa chini.

Cheka pia ukitaka. Lakini kama wewe ni mmoja wa vijana wanaofuga panya nyumbani, soma hadi mwisho, maana huenda kosa langu ndilo unalolifanya leo.

Wengi wetu tuliwachukua wanyama hawa kwa sababu ni rahisi. Bedsita haina nafasi ya mbwa, landilodi hataki paka, na panya hamalizi unga wa mtu. Tena ni mwerevu. Anajua jina lake, anapanda begani, na video zake zinavuma TikTok. Shida ni kwamba tunampiga picha sana na kumchunguza kidogo.

Panya huficha ugonjwa. Porini, anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza, kwa hivyo hata huyu wa kufugwa hujikaza kisabuni hadi mwili ukatae kabisa. Ukingoja aonekane mgonjwa, umechelewa. Na maisha yake ni mafupi, miaka 2 au 3 hivi. Wiki moja kwako ni kitu kidogo, kwake ni muda mrefu.

Ule wekundu wa Chapo haukuwa mchuzi, wala haukuwa damu. Ni majimaji ya rangi nyekundu yanayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho. Kidogo tu baada ya usingizi si neno. Yakiwa mengi, au yakirudi kila siku, jua panya wako ana msongo au anaugua.

Mara nyingi tatizo huwa ni mapafu. Panya wengi wa kufugwa hubeba bakteria aina ya mikoplasma bila dalili yoyote, hadi mazingira yaharibike. Kizimba kikinuka mkojo, ile harufu kali inamchoma njia ya pumzi. Mimi niliongeza kosa la pili: nilitandika unga wa mbao wa paini niliopewa bure na fundi seremala, uliojaa vumbi. Niliona nimeokoa pesa. Siku hizi natandika magazeti yaliyochanwa na fulana kuukuu, na nabadilisha mara kwa mara.

Baada ya Chapo, nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, na daftari la shule. Kila Jumapili jioni namweka Dengu ndani ya bakuli juu ya mizani, naandika gramu. Halafu namweka mwenzake, Kachumbari, kwa sababu panya hafai kuishi peke yake.

Kuna mwezi Dengu alisoma gramu 310, wiki iliyofuata 302, kisha 286. Kwa macho alikuwa sawa kabisa, anakula na kucheza. Lakini hizo gramu 24 kwake ni kama mtu wa kilo 70 kupoteza zaidi ya kilo 5 kwa wiki mbili. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo siku iliyofuata. Ilikuwa kifua, kikiwa bado kinaanza. Alipewa dawa, na leo yuko 305.

Mengine hayahitaji hata mizani. Kila siku mwangalie macho na pua. Mshike karibu na sikio lako usikilize pumzi: ya panya mzima haina sauti, ya mgonjwa hukwaruza au kupiga filimbi. Mara moja kwa wiki mpapase kwapani na tumboni, maana majike hasa hupata uvimbe wa matiti. Angalia meno ya mbele pia, hayo hayaachi kukua. Akikataa chakula, au akipumua mdomo wazi, usingoje Jumapili. Mpeleke siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usimvunjie kipande cha tembe ulichobakisha ulipougua. Dozi ya mtu si ya mnyama wa gramu 300. Piga simu mapema uulize ni daktari gani anatibu panya, si wote wanaokubali.

Kuna msomaji atauliza: watu wanakosa pesa za hospitali, wewe unapeleka panya kwa daktari? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyekulazimisha kumfuga. Kama pesa ya daktari haipo na huwezi kuweka akiba kidogo kidogo, usimchukue. Hilo si aibu. Aibu ni kumfungia kiumbe kwenye kizimba halafu kumwacha akose pumzi huku ukitafuta mwanga mzuri wa video.

Isitoshe, mnalala chumba kimoja. Nawa mikono kila ukimshika. Akikuuma na baadaye upate homa, mwambie daktari ukweli kuwa uling'atwa na panya. Na usithubutu kumfuga yule uliyemnasa kwenye mtaro wa ploti. Mkojo wake unaweza kukuletea homa ya leptospira.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, sina cheti cha chochote. Kazi hii haihitaji cheti. Inahitaji dakika tano, kalamu, na macho yaliyo tayari kuona jambo usilopenda kuliona.

Leo jioni, kabla hujawasha kamera, mshike na umsikilize kifua. Kisha andika tarehe na gramu.