Sindano ya Insulini na Mahali pa Kuichomea

Mnamo tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja mjini Toronto, nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dawa iliyokamuliwa katika kongosho la ng'ombe. Dawa ile ilikuwa bado haijasafishwa vya kutosha. Sukari katika damu yake ilipungua kidogo tu, na mahali pamoja alipodungwa pakafanya jipu. Siku chache baadaye alipewa dawa iliyosafishwa zaidi, na maisha yake yakaokoka. Tangu wakati huo insulini imeboreshwa mno, lakini jambo moja halikubadilika. Insulini ni protini, nayo ikimezwa humeng'enywa tumboni kama chakula. Kwa hiyo kwa kawaida hupitishwa katika ngozi kwa sindano, mara nyingi mara moja au zaidi kila siku, kwa miaka mingi.

Ni ajabu, basi, kwamba mara nyingi mgonjwa wa kisukari huelezwa kwa makini idadi ya yuniti na saa za kudungwa, lakini kuhusu mahali pa kuchoma huambiwa neno moja tu: "tumboni" au "pajani". Mengine hujifunza peke yake nyumbani, na mwalimu wake mkuu huwa ni hofu.

Hofu hiyo huanzia kwenye vilio la damu. Sindano inapopenya ngozi huweza kutoboa kishipa kidogo, damu ikavuja na kuvilia chini ya ngozi. Alama hiyo hutisha, hasa mtoto au mzazi wake, ingawa kwa kawaida haina madhara makubwa nayo hufifia baada ya siku kadhaa. Yapo mambo yanayoizidisha: sindano iliyokwisha kutumika mara nyingi hata ncha yake ikawa butu, kukandamiza kwa nguvu wakati wa kudunga, kusugua baada ya kuchomoa, na dawa zinazozuia damu kuganda, kama vile aspirini. Aliyeandikiwa dawa hizo asiziache kwa sababu ya vilio, bali amwarifu mganga. Kinga yenyewe ni nyepesi: kutumia sindano mpya, kuingiza na kuchomoa kwa mstari ulionyooka, kisha kubonyeza taratibu kwa pamba safi kwa muda mfupi bila kusugua.

Hatari iliyo kubwa zaidi haitishi hata kidogo. Mgonjwa anayeogopa vilio na maumivu hutafuta mahali pasipouma, na akishapapata hupang'ang'ania. Insulini inaporudiwa mahali pamoja huyafanya mafuta yaliyo chini ya ngozi yanenepe na kuwa kivimbe laini au kigumu. Kivimbe hicho hakina maumivu. Nacho kadiri kinavyozidi ganzi, ndivyo kinavyozidi kumvutia mgonjwa. Hapo ndipo unapozuka udanganyifu mkubwa: sindano haiumi, na dawa nayo haifanyi kazi ipasavyo. Insulini iliyoingizwa katika kivimbe huchelewa kufyonzwa, na leo hufyonzwa tofauti na jana. Sukari hupanda pasipo sababu ya kueleweka, kisha hushuka ghafla. Mganga asiyejua habari za kivimbe huongeza dawa, na mgonjwa hulaumiwa kwamba amevunja miiko ya chakula.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 430 nchini Hispania ulidhihirisha ukubwa wa jambo hili. Karibu theluthi mbili yao walikuwa na vivimbe hivyo. Wenye vivimbe walitumia wastani wa yuniti 56 za insulini kwa siku, na wasio navyo yuniti 41. Yuniti 15 za ziada kila siku si kitu kidogo hata katika nchi tajiri, sembuse kwa mkulima anayenunua chupa ya dawa kwa fedha za mavuno.

Kuchagua mahali, kwa hiyo, ni sehemu ya kipimo cha dawa. Sehemu zifaazo ni nne: tumbo, mapaja kwa mbele na upande wa nje, upande wa nyuma wa mkono juu ya kiwiko, na matako. Insulini ya kawaida hufyonzwa upesi zaidi tumboni, na polepole zaidi mapajani na matakoni. Kwa sababu hiyo yafaa sindano ya saa fulani idungwe sehemu ile ile ya mwili kila siku, lakini si katika tundu lile lile. Tumbo laweza kugawanywa robo nne, kila robo ikatumika juma moja, na kila sindano ikaachana na iliyotangulia kwa upana wa kidole. Kitovu kiepukwe, na vilevile makovu na mahali palipovilia damu. Anayetazamia kulima au kukimbia asidunge pajani muda mfupi kabla, kwani msuli unaofanya kazi huharakisha ufyonzwaji. Sindano ya milimita 4 huwatosha watu wazima, wanene kwa wembamba. Mwenye kutumia iliyo ndefu zaidi ainue kikunjo cha ngozi ili dawa isifike kwenye msuli.

Wapo watakaosema kwamba kliniki zina foleni ndefu na wauguzi ni wachache. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kupapasa mahali pa sindano kwa vidole huchukua muda usiozidi dakika moja, wala hakuhitaji chombo chochote. Katika ngozi nyeusi vilio na kivimbe huweza kufichika machoni; vidole ndivyo vinavyogundua. Kivimbe kikigunduliwa, mgonjwa ahamie mahali penye afya kwa ushauri wa mganga, kwa maana huko dawa itafyonzwa vizuri zaidi, na kipimo cha zamani chaweza kuishusha sukari mno.

Wanaopanga bajeti za afya nao wanapaswa kukumbuka kwamba kumpa mgonjwa insulini bila sindano za kutosha ni kumpa jembe lisilo na mpini. Na kabla ya kalamu ya mganga kuongeza yuniti nyingine, mkono wake, au wa muuguzi, uwe umekwisha kupapasa ngozi ya mgonjwa.